Mwavuli Niliorudishiwa

Kulwa alinipigia simu Jumatatu asubuhi, na hakunisalimia. "Mwalimu, Mzee amefariki. Tunazika Ijumaa. Njoo." Akakata. Nilibaki nimesimama jikoni kwangu na simu mkononi, nikijiuliza namba yangu ameipata wapi. Sauti yake sikuwa nimeisikia kwa zaidi ya miaka arobaini. Nilimwacha akiwa msichana wa kidato cha pili ambaye hakuweza kuchora mto bila kuupandisha mlima. Kifo chenyewe hakikunishtua, maana Masanja, baba yake, alikuwa amekwisha vuka miaka tisini na alistahili kupumzika, na sisi wengine tulistahili kupumzishwa naye. Kilichonikera ni hilo neno "njoo". Nilimwandikia mtu yule barua tatu, kila moja nikiwa nimeirarua mara mbili kabla ya kuituma, na hakujibu hata moja. Sasa amekufa, ndiyo naitwa. Na kilichonikera zaidi ni kwamba kabla chai haijapoa nilikuwa nimekwisha panda juu ya kiti, na magoti yangu haya, kuutafuta mwavuli wangu juu ya kabati.

Habari za kwetu Kwale nitaziacha, kwa sababu mwaka ninaousimulia haukuwa na nafasi ya kwetu. Nilikuwa nimemaliza shahada ya jiografia pale Mlimani, Dar es Salaam, na nilikuwa na ugonjwa ambao chuo kile kilikuwa kikiugawa bure: kila nilichoambiwa niliuliza nani kasema, na kwa faida ya nani. Nikiwa bado chuoni, Kenya na Tanzania ziligombana na mpaka ukafungwa. Watu wa Kenya tuliobaki upande huu tukawa wageni kwa siku moja, bila kuhama kitanda. Nyumbani kwetu ni hatua chache kutoka Tanga, lakini kufika huko kwa halali ilinibidi nizunguke nchi za watu wengine kama mtu anayekwenda kuhiji. Nikaomba kazi, nikapewa. Barua ilisema: shule ya sekondari ya wasichana, nje kidogo ya Ushirombo. Nilifungua ramani. Nikaona kwamba nimetolewa kwenye mpaka mmoja wenye ugomvi na kusogezwa karibu na mwingine, maana barabara ya Ushirombo ukiifuata kaskazini magharibi inakufikisha Biharamulo, kisha Kagera, kisha Uganda, na redio tayari ilikuwa ikinguruma kuhusu Uganda.

Shule haikuwa na nyumba ya mwalimu wa kike, kwa hiyo nikapangishiwa chumba kwa Masanja, balozi wa nyumba kumi, mkulima wa pamba mwenye meno makubwa na kicheko kilichotangulia kila neno lake. Chumba kilikuwa na dirisha moja la mbao lililoangalia uani, kitanda cha kamba, na gunia la michembe kwenye kona ambalo mke wake, Mama Kulwa, alisema litaondolewa kesho. Halikuondolewa mwaka mzima. Nililala nikinusa viazi vikavu na kuamka nikivinusa. Siku ya kwanza nilitoka chumbani nikamkuta Masanja mlangoni, nikamwamkia kwa adabu: "Shikamoo, mzee." Akanitazama juu chini. "Kabila gani wewe?" Nikasema Mdigo, wa pwani. Akapiga makofi, akamwita mke wake. "Mama Kulwa! Njoo uone! Serikali imetuletea mtani!" Kisha akauchukua mwavuli wangu mweusi uliokuwa umeegemea ukutani, akaufungua papo hapo, na jua lilikuwa kali ajabu, akaondoka nao kwenda sokoni. Sikupata marahaba yangu. Aliporudi mchana aliniambia shikamoo za Wadigo haziitikiwi mpaka zikaguliwe.

Nilidhani ni wazimu. Mama Kulwa alinieleza huku akisonga ugali: watu wao na watu wa pwani ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akikunyang'anya kitu hukasiriki, unakikomboa. "Kuku mmoja anatosha. Au sukari kilo." Nikamwambia sukari yenyewe haipo madukani, na hata ingekuwapo, kwa nini nikomboe kitu changu? Jioni nilimbana Masanja mwenyewe. Alikuwa uani anageuza betri za redio zilizokuwa zimeanikwa juani, maana betri mpya hazikupatikana, naye aliamini jua linazirudishia nguvu kama linavyomrudishia mjusi.

"Nani aliandika sheria hii?" nilimuuliza.

"Sheria gani?"

"Ya utani. Iko wapi? Inaanzia wapi, inaishia wapi?"

"Babu yangu alibeba pembe za ndovu mpaka pwani," alisema. "Miezi mitatu kwa miguu. Kufika, akakuta watu wamekaa barazani wanakula halua, wakamwuliza, 'Mbona umechelewa?' Tangu siku hiyo."

"Babu yako alifika Bagamoyo. Mimi natoka Kwale. Ni mbali."

"Pwani ni pwani. Na wewe una uso wa mtu aliyekula halua ile."

Sikuukomboa. Kwangu ilikuwa ni suala la kanuni, na nilikuwa katika umri ambao kanuni ni nyingi kuliko nguo. Masanja naye akautembeza mwavuli ule mji mzima, kiangazi chote, bila wingu hata moja. Alikwenda nao shambani, alikwenda nao kwenye mikutano ya chama, aliukunjua kanisani padri akiwa anahubiri. Watu sokoni wakawa wananiuliza, "Mwalimu, hujamkomboa mtoto wako tu?" Kila asubuhi nilimwambia Masanja, "Rudisha mwavuli wangu," naye kila asubuhi alinijibu, "Kuku, au sukari?" Mazungumzo yetu yote mwaka ule yalikuwa na mlango huo mmoja. Ukishaupita, tuligombana kuhusu mambo mengine: kama pamba inamnufaisha mkulima au inamla, kama Mungu ana kabila, kama mimi nitaolewa na nani mwenye uvumilivu huo. Tulikula pamoja, ugali wa mtama na mlenda, wakati mwingine dagaa wa Geita aliyeletwa na malori, na Mama Kulwa alitupigia kelele tunyamaze kwanza tumeze. Leo nikiulizwa ni wapi nilisoma, nasema Mlimani, kwa sababu ndiko walikonipa cheti.

Kisha majeshi ya Uganda yakavuka na kuteka ardhi ya Kagera iliyo kaskazini ya mto. Habari ilifika kwetu kupitia redio ile ya Masanja, ambayo waya wake ulitoka dirishani, ukapanda mpaka kwenye mpera, ukafungwa kwenye mti mrefu aliousimika mwenyewe ili ashike stesheni za mbali. Uani palijaa majirani. Siku zile zilizofuata malori ya pamba yalichukuliwa na jeshi, na barabarani yakapita malori yaliyojaa vijana wanaoimba, mfululizo, vumbi lisitulie. Masanja alikaa barazani akiyahesabu kwa sauti, kama alivyohesabu kila kitu kilichopita mbele ya nyumba yake: ng'ombe, mazishi, wanawake waliovaa khanga mpya. "Ishirini na nane! Mdigo, umeona? Ishirini na nane!" Shuleni tuliamriwa kuchimba handaki. Wasichana walichimba wiki mbili badala ya kusoma, na hakuna aliyeuliza maji ya mvua yatakwenda wapi isipokuwa mimi, nami nilijibiwa kwamba huu si wakati wa maswali. Mvua ya kwanza ilipokuja handaki likajaa mpaka juu, likaingia vyura, na tangu hapo lilikuwa hatari kuliko ndege yoyote.

Nilifundisha, kwa sababu ndiyo kazi niliyoletewa. Kidato cha pili waliniuliza kwa nini wanapigana, nikachora ubaoni ule mpaka: mstari ulionyooka kama rula, na Mto Kagera ukipinda chini yake. Nikawaambia upande wa pili wanadai mto ndio ungefaa kuwa mpaka. "Na mstari huu nani aliuchora?" aliuliza Kulwa. Nikasema watu wawili watatu wa Ulaya, wamekaa chumbani, ambao hawakuwahi kuuona mto wenyewe. Wasichana walicheka. Kesho yake mkuu wa shule aliniita akaniomba, kwa upole na bila kunitazama, nifundishe habari za mvua mpaka vita viishe. Nilikasirika sana. Nilimpigia Masanja kelele jioni nzima kuhusu nchi inayoogopa ramani, naye akanisikiliza akitafuna michembe, akasema, "Mtani, wewe ukienda mbinguni utauliza ukuta umejengwa na fundi gani."

Mzee Shija, kaka yake Masanja, alifariki mvua zikiwa katikati. Alikuwa mzee sana, aliyewahi kuchimba dhahabu Geita enzi za mgodi wa Wazungu, akarudi na jino moja la dhahabu na kikohozi. Kwa kifo cha mtu mzima kama huyo watani hawalii. Kazi yao ni kuwachekesha wafiwa. Aliyeongoza alikuwa Bi Hadija, Mzaramo mwenye hoteli ya chai sokoni. Alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akatembea kama yeye kuizunguka nyumba huku akikohoa, na wajane wakaanguka kwa kicheko na machozi kwa pamoja. Akatangaza kwamba marehemu aliiba kengele ya misheni akaitafuna, ndiyo maana jino lake linang'aa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na walimu wenzangu, nimekunja uso. Masanja alipita mbele yangu akiwa ameshika mwavuli wangu, akasimama. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. "Mdigo," alisema kwa sauti ya chini, "leo tu. Nisaidie."

Hakuwahi kuniomba kitu. Jeneza lilipoinuliwa niliinuka, nikaenda nikasimama mbele yake na kutanua mikono kama nilivyoona wengine wakifanya. "Hazikwi!" nilipiga kelele, na sauti yangu ikanitisha mwenyewe. "Hazikwi huyu mpaka mseme ukweli! Ndugu hawa wawili ni majasusi! Huyu alihesabu malori, na huyu Masanja anapeleka habari ng'ambo kwa redio! Mnadhani ule waya juu ya mpera ni wa kuanikia nguo? Mtoe redio kwanza, ndipo nitoe njia!" Nyumba nzima ililipuka. Masanja alicheka mpaka akashikiliwa. Bi Hadija alinikumbatia, akasema, "Huyu sasa kaiva!" Nilipewa bakuli la maziwa mgando kama zawadi, nikatoa njia, tukazika. Nilirudi chumbani nikiwa na furaha ya kijinga, furaha ya mtu aliyechekesha watu kwa lugha ambayo jana hakuijua. Sikuwa nimemwona kijana aliyesimama karibu na lango, mwenye shati la mikono mifupi na kalamu mfukoni. Aliitwa Ndugu Kilimba, alikuwa ameletwa wiki ile kuangalia mambo ya usalama barabara nzima ya kwenda Biharamulo.

Asubuhi yake watu wa Kilimba walikuja wakamchukua Masanja na redio yake. Waya waliukata, wakauviringisha vizuri kama mali ya mtu. Alifungiwa kwenye chumba nyuma ya ofisi yao, na ikajulikana mji mzima kwamba Alhamisi lori litawapeleka washukiwa wote Shinyanga mjini, na kutoka huko ni Mungu ajuaye. Ilikuwa Jumatatu. Masanja alikuwa na pumu. Usiku wa baridi tulimsikia akivuta pumzi kama mtu anayekokota meza. Mama Kulwa hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alipakua ugali, akaufunika, akaupeleka ofisini, akarudi amekaza midomo.

"Anasema nini?" nilimwuliza.

"Anahojiwa na Mzaramo," alisema Mama Kulwa. "Kijana ni Mzaramo. Basi baba Kulwa anamtania."

"Anamtania? Wakati anahojiwa?"

"Kaulizwa, 'Ulipeleka habari?' Kasema, 'Ndiyo, nimepeleka habari kwamba Wazaramo hawajui kusonga ugali, na maadui wamefurahi sana.' Kaulizwa, 'Nani anakutuma?' Kasema, 'Bibi yako.'"

"Na yule anaandika?"

"Anaandika yote."

Nilipiga ukuta kwa kiganja. Nilimsihi Mama Kulwa arudi amwambie mumewe aache mzaha, aseme tu "sikupeleka" kama watu wengine. Alirudi mchana na jibu: "Anasema mtani akimhoji, yeye amjibu kama nani? Kama Mzungu? Atakuwa amemtukana kijana wa watu." Nilikuwa sijawahi kukutana na upuuzi mgumu kama ule. Mtu anakwenda kupotea, na bado anaogopa kumvunjia heshima anayempoteza. Nikavaa viatu nikaenda ofisini mwenyewe.

Ndugu Kilimba alinipa kiti. Alikuwa rika langu, naye alikuwa amesoma Mlimani miaka miwili kabla yangu. Tulikuwa na mhadhiri mmoja tuliyemchukia sote. Kwa dakika tano nilidhani mambo yamekwisha.

"Ndugu Mwanamisi, msibani ulisema nini?"

"Nilitania. Kila mtu pale alijua ni utani. Bi Hadija alisema marehemu kaiba kengele, mbona humtafuti mwenye kengele?"

"Bi Hadija ni mtani wao. Hata mimi ni mtani wao, nimezaliwa hivyo, huna haja ya kunifundisha." Aliweka kalamu chini kwa utaratibu. "Lakini wewe ni mtu wa Kenya. Utani ni wa makabila ya humu ndani. Raia wakitaniana, serikali inaelewa. Mgeni akisema raia fulani anapeleka habari kwa redio, hiyo ni taarifa. Na redio nimeikuta. Waya nimeukuta. Malori anayahesabu, watu wote wamemsikia."

"Wadigo wako pande zote mbili," nilisema. "Tanga wapo, Kwale wapo, ni haohao. Mpaka umepita katikati ya mashamba yetu. Shangazi yangu analala Kenya, mbuzi wake wanalala Tanzania. Mdigo wa Tanga ungemkubali kuwa mtani?"

"Huyo ni raia."

"Kwa hiyo mtani wa kushoto wa mstari ni mtani, na wa kulia ni jasusi?"

"Mimi nauliza tu," alisema Kilimba, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefurahia hoja. "Huu utani unaovuka mipaka, nani aliuandika? Uko wapi? Unaanzia wapi, unaishia wapi?"

Nilijisikia kama mtu aliyepigwa na mlango alioujenga mwenyewe. Yalikuwa maneno yangu, kwa mpangilio uleule, na kwa mara ya kwanza niliyasikia yanavyosikika upande wa pili. Nilikuwa na jibu. Ningesema kwamba haukuandikwa, kwamba unaanzia pale mtu anapokuchukulia mwavuli, na kwamba ule mstari wa penseli ndio wa kuulizwa, si huu. Nilifungua mdomo nikasema nusu yake. "Mpaka ule ni mstari tu, ulichorwa na Wazungu ambao hawakuwahi—" Kilimba akainua kidole.

"Hayo," alisema taratibu, "ndiyo maneno wanayosema ng'ambo kuhusu Kagera. Na nasikia umeyafundisha darasani."

Nje mtu alikuwa anapiga pampu ya baiskeli. Niliona kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayefikiri vizuri katika chumba kidogo, na nilikuwa nimewajua wengi wa aina hiyo, nikiwamo mimi. Alinieleza mwenyewe njia iliyobaki, kama anayemsaidia mwenzake kumaliza zoezi. Kama mimi si mtani, basi nilichosema ni taarifa. Taarifa huwa ya kweli au ya uongo. Nikiandika kwamba ni ya uongo, Masanja hana la kujibu, atakwenda nyumbani leo, na kosa litakuwa langu, mgeni aliyetoa habari za uongo wakati wa vita. Nitahamishwa, pengine zaidi. Lakini lazima niandike yote mawili. Alinisogezea karatasi. Nikaandika: *Mimi si mtani wa Ndugu Masanja wala wa watu wake. Niliyoyasema juu yake ni uongo.* Sentensi ya pili niliiandika haraka. Ya kwanza ilinichukua muda, na sikuelewa kwa nini, maana ndiyo niliyokuwa nikiisema kila asubuhi tangu nilipofika.

Masanja aliachiliwa saa kumi jioni. Kabla ya kufunguliwa alisomewa karatasi yangu, kwa sababu Kilimba alikuwa mtu wa utaratibu. Nilikuwa uani nikimsubiri, nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa hata kucheka. Aliingia akihema, akapita mbele yangu. "Shikamoo, mzee," nilisema. Akasimama. "Marahaba, mwalimu," alisema, kwa sauti ya balozi anayemjibu mpangaji, akaingia ndani. Ndiyo marahaba pekee niliyoipata kwake. Ningetoa mshahara wa mwaka ili asiitikie.

Siku tatu zilizofuata tulikula mezani pamoja na alinikaribisha mboga. "Ongeza, mwalimu." "Asante, mzee." Hakunitania, hakuniuliza nitaolewa na nani. Nilijaribu mara moja. Nilisema, "Rudisha mwavuli wangu," nikasubiri. Mama Kulwa aliacha kutafuna. Masanja alitazama sahani yake, akasema, "Ni kweli, ni wako."

Barua yangu ya uhamisho ilifika. Ilieleza kwamba kwa sababu za usalama napelekwa shule iliyo mbali na mipaka ya nchi, nayo ilikuwa Newala. Mtu yeyote mwenye ramani anaweza kuona Newala iko wapi: ukisimama ukingoni mwa mji unaitazama Msumbiji. Sikuwa tena na nguvu za kumwuliza mtu. Lori la pamba lililokuwa limerudishwa na jeshi, likiwa halina kioo cha mbele, lilinipeleka Isaka kupanda treni. Mama Kulwa alinisindikiza mpaka huko, njia nzima amekaa juu ya sanduku langu. Stesheni ilikuwa jukwaa fupi la udongo na watu wengi wenye mizigo iliyofungwa kwa khanga. Treni ilipokaribia alitoa kitu kirefu kilichofungwa kwenye gazeti, akanipa bila kunitazama.

"Mayu, mama yangu, ni nini?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimekwisha kijua kwa mshiko wake.

"Kasema kitu cha asiye mtani hakikai nyumbani kwake." Kisha akaanza kulia kwa hasira, akanipiga begani kwa ngumi. "Ninyi wawili! Kuku mmoja tu! Kuku mmoja ungetoa, mwanangu, tangu siku ya kwanza!"

Mvua ilinyesha njia nzima mpaka Tabora, ikivuja juu ya dirisha langu, na sikuufungua ule mwavuli.

Nimeishi nao tangu hapo. Nimeubadilisha kitambaa mara mbili. Mpini wake ni uleule, na una alama ya meno ya panya wa Mama Kulwa. Vita viliisha, mpaka wa Kenya ukafunguliwa, nikarudi nyumbani, nikafundisha mistari ileile kwa watoto wengine. Mara nyingi nilijiambia kwamba nilimwokoa mtu na kwamba ni yeye asiye na shukrani. Hoja ilikuwa sahihi kila nilipoikagua. Nimekuwa na hoja nyingi sahihi maishani, na nyingi zimenisafirisha peke yangu.

Safari hii ilinichukua siku mbili na nusu. Pale Lungalunga afisa wa uhamiaji, binti mdogo mwenye kucha ndefu, aliniuliza kusudi la safari. Nikasema msiba. "Ndugu yako?" Nilisita hadi watu nyuma yangu wakaanza kuguna. "Andika msiba tu, mwanangu," nilimwambia. Ndani ya basi, Tanga, Singida, Shinyanga, Kahama, nilitunga maneno ya kusema mbele ya jeneza. Nilitunga maelezo: karatasi ile, lori la Alhamisi, pumu. Kufika Kahama nilikuwa na hotuba nzuri yenye sehemu tatu, ambayo hata Kilimba angeikubali.

Ushirombo sikuitambua. Bodaboda aliniteremsha mbele ya nyumba yenye bati jipya, mpera haupo. Turubai limetandazwa, viti vya plastiki vimejaa, jeneza liko juu ya meza fupi limefunikwa kitambaa cheupe, na mbele yake watu wawili wazima, mmoja amevaa koti la marehemu nyuma mbele, walikuwa wamekataa katakata asizikwe. Jua lilikuwa kali kama siku ile ya kwanza. Nilisimama ukingoni mwa turubai, mwavuli umekunjwa chini ya kwapa, nikitafuta mwanzo wa hotuba yangu. Mwanamke mnene mwenye mvi, khanga kiunoni, akainuka kutoka kwenye mkeka wa wafiwa akanijia moja kwa moja. Nilimjua kwa meno. "Kulwa," nilisema, "pole sana, mwanangu, mimi nilitaka kwanza nieleze—"

Hakusimama. Alinyoosha mkono akauchomoa mwavuli kwapani mwangu kama mtu anayevuta panga kwenye ala, akaufungua, akageuka, akaondoka nao polepole chini ya jua kuelekea kwenye jeneza la baba yake, akiuzungusha begani. Wafiwa wote wakageuka kunitazama. Mtu mmoja alianza kucheka kabla ya wakati.

Hotuba yote iliniponyoka. Nilishika khanga yangu, nikamkimbilia, mzee kama mimi, nikipiga kelele mpaka wale waliozuia jeneza wakanipisha.

"Kuku," nilimwuliza, "au sukari?"